Mbolea ya funza wa nzi chuma kwenye mboga: niliyoyaona Uyole kwa misimu minne

Ndugu uliyeuliza kutoka Mafinga, umetaka kujua mambo mawili: kama mbolea ya funza wa nzi chuma (yaani kinyesi na mabaki ya chakula cha funza wa nzi weusi wanaofugwa, black soldier fly) inaweza kukuondolea kabisa gharama ya urea kwenye kabichi na chinese, na kama unaweza kuichanganya na maranda ya mbao, ambayo kwenu hayana bei. Nimelima mboga kwa mbolea hii hapa Uyole, Mbeya, kwa misimu minne. Nitaanza na hasara niliyoipata, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Msimu wa kwanza nilinunua viroba sita kwa mfugaji mmoja aliyenihakikishia kwamba mbolea iko tayari. Nilipofungua kiroba cha kwanza, harufu kali kama ya mkojo uliolala ilinichoma macho, na mkono nilioutia ndani ulikuta joto. Sikuyatilia maanani hayo. Nikaweka konzi mbili kila shimo, nikapanda miche ya kabichi na kumwagilia. Siku ya tano kingo za majani zilikuwa zimekauka kama zimepitiwa na moto, na mche niliouchimbua ulikuwa na mizizi ya kahawia inayoteleza vidoleni. Zaidi ya nusu ya miche ilikufa. Bwana shamba wa kwetu alipokuja alinusa kiroba tu, akaniambia kwamba haukuwa ugonjwa: kinyesi kibichi cha funza kina amonia na chumvi nyingi, na mizizi michanga haiwezi kuvistahimili.

Tangu siku hiyo sipeleki mbolea shambani kabla haijakomaa. Nairundika kivulini, nailowesha mpaka ukiifumbata mkononi ishikane bila kuchuruzika, naifunika kwa magunia na kuigeuza kila wiki kwa muda wa wiki tano au sita, hadi joto liishe na harufu iwe ya udongo wa msituni baada ya mvua. Kisha naijaribu. Nachukua makopo mawili, moja la udongo mtupu na jingine la udongo uliochanganywa na mbolea ile, na kila moja napanda mbegu ishirini za chinese. Zikiota sawasawa, mbolea inakwenda shambani. Zikisuasua kwenye kopo la mbolea, lundo linarudi kwenye magunia. Kipimo hiki hakinigharimu chochote, na laiti ningekijua mapema.

Sasa suala la urea. Urea ina nitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, asilimia 46, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Mbolea ya funza iliyokauka huwa na asilimia 2 hadi 4 hivi, kutegemea walichokula. Ukichukua asilimia 2 na nusu, unahitaji kilo 920 ili ufikie mfuko mmoja wa urea, na hata hapo si nitrojeni yote itakayopatikana kwa mmea msimu huohuo. Kwa hiyo atakayekuambia uiache urea kabisa kwenye ekari nzima ya kabichi, mwulize atazipata wapi hizo tani na nani atazibeba. Mimi kwenye kabichi naweka mbolea ya funza shimoni wakati wa kupanda, kisha nakuzia kwa nusu ya urea niliyokuwa nikitumia zamani, na vichwa havijapungua ukubwa. Kwenye chinese na figiri, ambazo zinakaa muda mfupi kwenye matuta madogo, situmii urea kabisa, na mboga hizo nazivuna mara nyingi zaidi kabla ya kuzing'oa.

Usiitawanye juu ya tuta zima. Ardhi yetu ya majivu ya volkano huku Mbeya huishika fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, isiifikie mizizi, kwa hiyo mbolea kidogo iliyo karibu na mche inafanya kazi kuliko nyingi iliyosambaa. Faida nyingine niliyoiona ni unyevu: mwezi wa Septemba, matuta yaliyokwisha kupokea mbolea hii misimu miwili nayamwagilia kila baada ya siku tatu, wakati yale mengine yanataka maji kila baada ya siku mbili.

Kuhusu faida ya fedha, naomba unielewe vizuri. Mnunuzi wa soko la Mwanjelwa hakuongezei shilingi kwa sababu kabichi yako imelelewa kwa mbolea ya asili. Anatazama ukubwa na uzito. Faida inatoka kwenye kupunguza gharama, na inakuwa ya kweli pale unapofuga funza mwenyewe na kuwa na kuku. Funza waliokaushwa wana protini karibu asilimia 40, na kwangu wamechukua nafasi ya sehemu kubwa ya dagaa wa kulishia kuku niliokuwa nikinunua. Kuku ndio wanaolipa gharama ya ufugaji, na mbolea inabaki kuwa ziada ya bustani. Anayenunua mbolea kwa viroba, halafu akalipa na usafiri, sijaona akipata cha maana isipokuwa kwenye kitalu cha miche.

Tatizo kubwa la nyanda zetu ni baridi. Funza hawa hukua vizuri kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30, na nzi wenyewe wanahitaji jua kali ili wapandane. Juni na Julai kizimba changu kilikaa bila yai hata moja. Suluhisho nililipata kwa mdogo wangu anayeishi Chimala, bondeni kwenye joto: yeye anafuga nzi na kutotoa mayai, mimi napokea funza wachanga kwenye ndoo na kuwalisha hapa kwa mabaki ya sokoni na machicha ya kimpumu, pombe yetu ya kienyeji, ndani ya banda la nailoni. Wakiwa wengi pamoja wanatoa joto lao wenyewe. Mafinga ni baridi pia, kwa hiyo tafuta mtu wa bondeni kabla hujajenga kizimba.

Kuhusu maranda, tumia machache sana, ya kukausha chakula cha funza kilicholowa tu. Yakiwa mengi, vijidudu vinavyoyaozesha vinachukua nitrojeni ileile uliyoitafuta, na mboga zitageuka njano mbele ya macho yako. Pumba za mahindi ni bora zaidi, kwa sababu funza wanazila. Maranda yako yatandaze juu ya njia za katikati ya matuta kuzuia magugu, na usiyachanganye na udongo.