Fundi wa Bunduki Anajibu: Risasi za Kaliba Adimu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wenye bunduki za zamani, zile ambazo risasi zake hazijazagaa madukani. Nimechagua tano. Nachukulia kila aliyeandika ana leseni mkononi na anapiga kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa. Kama sivyo, anzia huko.

Shikamoo Fundi. Nina Mauser ya marehemu babu, ya kaliba ya 9.3x62, nimeirithi kihalali. Dukani nimepata aina mbili tu za risasi. Nichukue ipi? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Babu alikuachia kitu cha maana. Kaliba hiyo aliibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, akiwafikiria walowezi na wawindaji wa makoloni ya Ujerumani, huku kwetu kukiwamo, waliotaka nguvu ya kutosha kwenye Mauser 98 ya kawaida. Kichwa chake cha jadi (kile kipande kinachoruka) kina uzito wa greni 286, yaani gramu 18.5, na hutoka mtutuni kwa takriban mita 720 kwa sekunde. Ni mwendo wa wastani, na ndiyo maana hakiharibu nyama ovyo.

Kwanza fundi akague mtutu na chemba, pale risasi inapokaa. Kisha nunua kisanduku kimoja cha kila aina, upige risasi tatu tatu kwa mita 100, ukiuacha mtutu upoe kila mara. Inayokusanya matundu pamoja ndiyo ya kuendelea nayo. Zikilingana, chukua ile utakayoipata tena mwakani.

Ili kupima risasi, mimi hupanga madumu ya maji nikapiga. Jirani anasema ni upuuzi, eti nitumie magazeti yaliyolowa. Nani yuko sahihi? (Arusha)

Nyote wawili, ila kila mmoja anapima kitu tofauti. Maji hayashindiliki, kwa hiyo hukifungua kichwa kwa ukali kuliko nyama. Kisichofunguka kwenye madumu, usitegemee kifunguke ndani ya swala. Magazeti yaliyolowekwa usiku kucha hukikwaruza kichwa na kukisimamisha mapema. Yanafaa kuonyesha kama kichwa kinavunjika, lakini kina cha magazeti si kina cha nyati. Maabara hutumia jelatini ya asilimia 10 iliyopoozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi, na huihakiki kwanza kwa gololi ya chuma ya milimita 4.5 inayokwenda mita 180 hivi kwa sekunde. Gololi hiyo inatakiwa izame karibu sentimita 8.5. Ukiiandaa Dodoma saa saba mchana, utakuwa unapiga uji.

Kwa hiyo usiziamini sentimita zenyewe, linganisha. Kwenye sanduku lilelile la madumu au magazeti, siku ileile, piga pia risasi ambayo tabia yake porini unaijua, mathalani .375 H&H (Holland & Holland) ya greni 300. Kichwa kipya cha .404 Jeffery kikiishia nusu ya kina cha hiyo, usiende nacho kwa nyati. Ongeza mfupa wa paja la ng'ombe kutoka buchani, maana bega la pofu, yule swala mkubwa, halijajaa maji matupu.

Jambo ambalo wengi hawaligusi ni mwendo. Watu hupiga sanduku kwa hatua kumi, ambako kichwa bado kina kasi yake yote, halafu porini wanapiga kwa mita 150. Lipeleke sanduku huko huko. Kama ni dogo, litengeneze pana zaidi. Kwenye kaliba adimu hili ni zito zaidi, kwa sababu vichwa vingi ni vya kuazimana. Kipenyo cha inchi .458 kinatumika kwenye .45-70 ya mwaka 1873 na pia kwenye .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Kichwa chepesi cha ile ya kwanza kikisukumwa na ya pili hupasuka juu juu, kabla hakijafika moyoni. Kile kigumu cha nyati kikitumwa polepole huenda kisifunguke kabisa. Kabla ya kulipa, uliza kichwa kilibuniwa kwa mwendo gani.

Kichwa kilichobakiwa na asilimia 98 ya uzito baada ya kupiga si ndicho bora? (Mbeya)

Si lazima. Kichwa cha Nosler Partition, kilichoko sokoni tangu 1948, kina ukuta katikati: sehemu ya mbele hupasuka, ya nyuma huendelea kuchimba. Kinapoteza uzito mwingi na bado kinaua vizuri. Mimi huangalia kwanza urefu wa tundu, na kama limenyooka.

Nina .318 Westley Richards. Rafiki ana vichwa vya Kijerumani vya inchi .318. Vitaingia? (Morogoro)

Usijaribu. Kichwa cha bunduki yako kina kipenyo cha inchi .330. Hivyo vya Kijerumani ni vya Mauser za milimita 8 za zamani. Za baadaye hutumia .323. Jina la kaliba si lazima liwe kipenyo cha kichwa: hata .404 Jeffery hutumia kichwa cha .423! Kichwa chembamba hakishiki michirizi ya mtutu na hutawanyika, na kinene kwenye mtutu mwembamba hupandisha shinikizo hadi pa hatari. Fundi asukume kipande cha madini laini ya risasi mtutuni, akipime kwa mikromita, ndipo mtafute vichwa.

Vichwa vya shaba tupu vinatoboa karatasi kiubavu kwenye 9.3 yangu. Mtutu umekwisha? (Tabora)

Huenda hauna kosa. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kwa uzito uleule kichwa chake huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu hutaka msokoto wa kasi zaidi wa michirizi ya mtutu. Mwanahisabati Mwingereza Greenhill alilipigia hesabu jambo hili tangu 1879. Jaribu cha shaba cha greni 250 badala ya 286, na urekebishe kilengeo upya. Ila safisha mtutu kwanza hadi utoke mweupe, kwani mabaki ya shaba ya zamani hutawanya hata kichwa kizuri.