Una Shahada na Sasa Unataka Kufundisha Shule ya Msingi

Mhitimu anayetaka kuingia shule ya msingi kupitia masomo ya uzamili huanza kwa kuuliza ada na muda wa kozi. Kuna swali linalotakiwa kutangulia: cheti hiki kitaniruhusu kufundisha watoto wa umri gani? Stashahada nyingi za uzamili katika elimu zimeandaliwa kwa ajili ya sekondari. Mwenye shahada ya biolojia anafundishwa kufundisha biolojia, basi. Msingi ni kazi nyingine. Asubuhi unafundisha kusoma, baadaye hesabu, kisha sayansi, michezo na uchoraji, na mara nyingi watoto ni walewale.

Kabla hujalipia hata fomu, omba majibu kwa maandishi. Je, mamlaka inayosajili walimu mahali unapotaka kufanya kazi inaitambua kozi hii kwa ngazi ya msingi? Mazoezi ya kufundisha yanafanyika katika shule za msingi, na katika madarasa ya umri tofauti, au unapelekwa popote penye nafasi? Ufundishaji wa kusoma kwa wanaoanza una kozi yake, au ni mada ya wiki moja ndani ya somo la saikolojia? Kumbuka pia kwamba sehemu nyingi tuzo ya chuo na leseni ya ualimu ni vitu viwili, na mtu anaweza kutoka na kimoja akakosa kingine. Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kingine.

Halafu nenda ukakae darasani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Siku tano mfululizo katika darasa moja zina faida kuliko siku moja moja katika shule tano, kwa sababu utaona mada iliyogoma Jumatatu ikirudiwa Jumatano kwa njia nyingine. Usimtazame mwalimu muda wote. Chagua watoto watatu: anayenyoosha mkono kila swali, aliye kimya, na asiyetulia. Kila baada ya dakika chache andika kila mmoja anafanya nini hasa. Daftari hilo ndilo litakaloandika barua yako ya maombi. Waombaji wengi huandika "napenda watoto", jambo ambalo halimwambii msomaji chochote. Afadhali ueleze tukio moja uliloliona, lilikuonyesha nini kuhusu namna mtoto anavyojifunza, na ungejaribu nini. Kwenye usaili jiandae pia kufundisha kipande kifupi cha somo na kufanya jaribio la hesabu na lugha, maana vyuo vingi hutaka kuona hayo.

Sasa tufike kwenye kiini cha mwaka huo wa masomo. Kinachomkwamisha mhitimu mara nyingi ni kujua sana. Mwaka 1986 Lee Shulman, mwanazuoni wa elimu wa Marekani, alitenganisha kulijua somo na kujua namna ya kulifanya lieleweke kwa mwingine. Ujuzi huo wa pili unahusisha kujua wanafunzi hukwama wapi na kwa nini, na shahada yako haikuwahi kukufundisha hilo.

Jipime hapa. Tunga swali la maisha ya kawaida linalodai 1¾ ÷ ½. Watu wazima wengi hutunga la kugawana kitu kati ya watu wawili, ambalo ni kugawanya kwa 2 na jibu lake ni 7/8. Swali sahihi lingekuwa: utepe wa mita 1¾ unatoa vipande vingapi vya nusu mita? Jibu ni 3½. Kama kukokotoa ulikuweza na swali likakushinda, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya kozi kuanza.

Makosa ya watoto yana mantiki yake, na kuyasoma ndiyo taaluma yenyewe. Mtoto anaandika 52 – 27 = 35. Hajateleza. Ametoa namba ndogo kwenye kubwa kila safu: 7 toa 2, 5 toa 2. Ukiweka alama ya kosa na kurudia hatua zilezile za kukopa, ataamini alizembea tu. Mpe mafungu matano ya vijiti kumikumi na vijiti viwili vilivyo huru, mwambie aondoe 27. Atalazimika kufungua fungu moja, na hapo kukopa kunapata maana. Mwingine anaandika mia tatu na sita kuwa 3006 kwa kuwa anaandika anavyosikia. Mwingine anasema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 kwa kuwa 35 inazidi 4. Ukimpa 8 + 4 = ☐ + 5 anajaza 12, kwani alama ya sawasawa kwake ina maana ya "andika jibu". Na yule anayepata ½ + ⅓ = ⅖ usimkimbizie kanuni ya kutafuta asili ya pamoja. Muulize kwanza kama ⅖ ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Imekuwaje umeongeza kitu na kikapungua? Mwache ahangaike nalo kidogo.

Kumwacha ahangaike kuna kipimo chake. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, kisha hudakia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto zaidi walijitokeza kujibu. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa, huku mkufunzi ameketi nyuma na fomu yake ya tathmini, ni ndefu mno. Zihesabu kimoyomoyo.

Kwenye andalio la somo, kasoro inayojirudia ni lengo lisilopimika. "Mwanafunzi aelewe sehemu" halikuambii mwisho wa kipindi utaangalia nini. "Aonyeshe kwa mchoro kwamba ½ ni sawa na 2/4" linakuambia. Andika maswali yako neno kwa neno, na pembeni ya kila swali jibu lisilo sahihi unalolitarajia. Maandalio mengi hujaa shughuli za mwalimu, na safu ya mwanafunzi inasema "kusikiliza". Ukiona "kusikiliza" mara tatu, hilo somo litakufia mkononi.

Mambo ya kugawa vitu yanaonekana madogo hadi upige hesabu. Darasa la watoto 40, mtu mmoja anagawa madaftari, sekunde sita kwa kila mtoto: dakika nne zimekwenda, yaani sehemu ya kumi ya kipindi cha dakika 40. Teua mtoto mmoja kwa kila meza. Tena maelekezo yatangulie vifaa. Ukishagawa mikasi na gundi hakuna anayekusikia. Maelekezo yawe mawili au matatu kwa mara moja, kisha mtoto mmoja ayarudie kwa maneno yake. Andaa na kazi ya watakaomaliza mapema, kwa sababu fujo nyingi za darasani huanzia kwao.

Kuhusu nidhamu, wageni wa kazi huanza kama marafiki wa watoto, kisha wanageuka wakali darasa likiwashinda. Watoto huona hila hiyo. Wiki ya kwanza fundisha taratibu kama unavyofundisha somo: ishara ya kunyamaza, namna ya kuingia, mahali daftari linapowekwa. Usizungumze wao wakizungumza. Ukipaza sauti juu ya zao, unawazoesha kukusikia pale tu unapopiga kelele.

Kusahihisha nako kunahitaji hesabu. Madaftari 40 kwa dakika mbili ni dakika 80, na masomo matatu ni saa nne kila jioni. Haiwezekani, au inawezekana kwa wiki mbili kisha unaugua. Sahihisha kwa kina somo moja kwa siku, mengine pita kati ya meza wakiwa wanaandika. Panga madaftari mafungu matatu: walioelewa, waliokwama mahali pamoja, na ambao hawajaanza kabisa. Fungu la pili ndilo dakika tano za kwanza za kesho. La tatu linahitaji kikundi chake, na ubao hautawasaidia.

Mwalimu mlezi, yaani anayekusimamia shuleni wakati wa mazoezi, akikutazama atakupa maoni kumi. Chagueni pamoja moja la kufanyia kazi wiki hiyo, liandike, na umwombe aje kuangalia hilo tu. Anayejaribu yote kumi habadilishi chochote.

Pesa tuiguse kwa kifupi: wiki za mazoezi ni za kutwa nzima na jioni huliwa na maandalizi, kwa hiyo usitegemee kibarua kipindi hicho. Weka akiba ya nauli, uchapishaji na zana.

Insha za ngazi ya uzamili huanguka nadharia ikikaa peke yake na darasa peke yake. Kila siku, kabla ya kuondoka shuleni, andika mistari mitatu: nilitarajia nini, mtoto alifanya nini, nitabadilisha nini. Mada ya utafiti itatokea humo. "Athari za zana katika ujifunzaji wa hisabati" ni pana kupita kiasi. Wanafunzi kumi na kosa moja la kutoa, kabla na baada ya vijiti, zinatosha. Omba kibali cha mwalimu mkuu na cha wazazi mapema, kwani data iliyokusanywa bila kibali chuo kinaweza kuikataa hata kama ni nzuri.

Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba darasa la wanaoanza kusoma angalau kwa awamu moja ya mazoezi, hata kama mpango wako ni madarasa ya juu. Mtoto aliyekariri jina la herufi "em" badala ya sauti yake, akiiunganisha na "a" anapata "ema", na hajui kwa nini neno halitokei. Asiposaidiwa atafika miaka kumi akikisia maneno kwa kutazama picha. Mwalimu wa darasa hilo la juu ambaye hajawahi kuona sauti na silabi zikifundishwa atampa usomaji zaidi wa kitabu kilekile, wakati mtoto alihitaji kurudishwa kwenye sauti ya "m".