Kusi imeanza, na maswali ya duka ni yale yale

Swali: Nauza leso na vinyago karibu na ufuo hapa Malindi. Upepo wa kusi ukianza kuvuma watalii hawaonekani. Nikope nisubiri msimu?

Jibu: Kusi huja kila mwaka, dada yangu, usiiite ajali. Ajali ilikuwa 2020, serikali iliposimamisha ndege za kimataifa kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti, watalii wetu Waitaliano wakabaki kwao. Jirani yangu muuza mahamri hakufunga biashara. Alikuwa na makopo mawili ya pesa, la unga na la nyumbani, na mkono wake haukutoka hili kuingia lile hata mtoto akililia soda. Wenzake pale barazani walikuwa na droo moja, na droo moja kila mtu huifungua. Leso wauzie kina mama wa hapa hapa, wana harusi mwaka mzima. Vinyago ndivyo vimngojee mzungu.

Swali: Mwenyekiti wa chama chetu ndiye pia mweka hazina. Ni mtu wa swala tano. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Swala ni yake na Mola wake, pesa ni zenu. Wekeni watia saini watatu.

Swali: Nimedaiwa ada mpya ya kibali cha biashara. Nilipe tu?

Jibu: Omba kwanza uonyeshwe sheria. Kifungu cha 210 cha Katiba ya 2010 chakataza kodi au ada yoyote ya leseni isiyotokana na sheria. Nawe niambie: mswada wa fedha wa kaunti ulipoletwa mtoe maoni, ulikuwa wapi? Mimi nilikwenda mwaka mmoja, viti vilikuwa vingi kuliko watu. Kelele zikaja baadaye, kwenye kahawa.

Swali: Mkopo wa simu wafaa kulipia mkopo wa simu?

Jibu: La. Na msiniulize tena.

Swali: Baba anaendesha duka peke yake na hataki kushauriwa. Tufanyeje?

Jibu: Mjomba wangu aliuza nyavu na kamba. Alipolazwa wiki tatu, namba ya siri ya simu ya duka ilikuwa kichwani mwake, na madeni ya wavuvi pia, na hata jina la yule wa Mombasa aliyemletea nailoni. Tukauza kilichobaki rafuni kwa bei ya kubahatisha. Wadaiwa walikuja kumjulia hali na machungwa mkononi. Deni hakuna aliyelitaja. Msimshauri baba. Kaa naye jioni moja na daftari, aanze kukutajia majina ya wanaomdai. Akikasirika mtilie chai, kisha muulize wale anaowadai yeye.