Maswali na Majibu: Mlinzi wa Kampuni Vitani, Nani Anamsimamia?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu vijana wa Afrika Mashariki wanaolinda kambi za Marekani ng'ambo, na kampuni zinazowapeleka huko. Hizi hapa, na majibu yangu.

Hawa walinzi si mamluki tu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara linarudi vilevile. Hapana. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya Geneva, mkataba wa sheria za vita wa 1977, kinataka masharti sita yatimie yote kwa pamoja, likiwemo la kuajiriwa mahsusi ili upigane na kweli ukapigana. Mganda anayekagua vitambulisho langoni hafikii hapo. Na ukilitumia neno hilo ovyo unaisaidia kampuni: itathibitisha kwamba haina mamluki, mjadala uishie hapo, na yale mengine iliyoyafanya yasiulizwe.

Ni kweli askari wa kampuni akiua raia hashtakiwi? (Baba Salma, Tanga)

Hushtakiwa, Baba Salma, lakini tazama ilivyokuwa Baghdad. Tarehe 16 Septemba 2007 msafara wa Blackwater, kampuni iliyolinda wanadiplomasia wa Marekani, ulimimina risasi kwenye mzunguko wa Nisour. Wairaki 17 walikufa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka 9, aliyekaa kiti cha nyuma katika gari la baba yake.

Iraki haikuweza kuwagusa. Agizo Namba 17 la utawala wa Paul Bremer, Mmarekani aliyeitawala Iraki baada ya uvamizi, lililorekebishwa Juni 2004 siku moja kabla hajafungasha virago, liliwakinga wakandarasi dhidi ya mahakama za nchi. Kwao Marekani nako, sheria ya mwaka 2000 iliandikwa hasa kwa ajili ya wanaofanya kazi za jeshi. Hawa waliajiriwa na Wizara ya Mambo ya Nje, na mawakili wao wakaing'ang'ania tofauti hiyo. Linaloniuma zaidi ni hili: maofisa wa wizara hiyohiyo waliwaandikisha walinzi maelezo baada ya tukio huku wakiwaahidi kwamba hayatatumiwa dhidi yao. Basi tarehe 31 Desemba 2009 jaji akaitupa kesi nzima. Ilifufuliwa 2011, wanne wakatiwa hatiani 2014, na Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote.

Kwa hiyo mtu akikwambia "hakuna sheria", mkatalie. Sheria ilikuwapo. Aliyepaswa kusimamia ndiye aliyeiharibu kesi tangu siku ya kwanza.

Polisi wa Kenya waliokwenda Haiti, kampuni yao ni ipi? (Msomaji, Kisumu)

Hawana kampuni, ni polisi wa serikali, na walikwenda Juni 2024 chini ya azimio 2699 la Baraza la Usalama. Tafadhali tusichanganye.

Marekani si ina wakaguzi kila kona? (Mstaafu wa jeshi, Nakuru)

Inao, Afande, na wengine ni watu wa maana sana. Agosti 2007, wiki chache tu kabla ya Nisour, mchunguzi wa Wizara ya Mambo ya Nje aitwaye Jean Richter alikwenda Baghdad kukagua mkataba wa Blackwater. Aliandika kwamba meneja wa kampuni alimwambia angeweza kumuua palepale na hakuna ambaye angefanya lolote. Ubalozi ukafanyaje? Ukawa upande wa kampuni, na wachunguzi wakaambiwa waondoke. Wewe umekaa jeshini: hebu fikiria mkaguzi anafukuzwa kambini kwa sababu amemkera anayekaguliwa.

Afghanistan ilikuwa vivyo hivyo, kwa fedha zaidi. Ripoti ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani ya Juni 2010 ilieleza mkataba wa usafirishaji wa dola bilioni 2.16. Jeshi lililipa kampuni za malori na kuziachia zijitafutie ulinzi. Kampuni zikawalipa wababe wa vita waliozishika barabara, na ripoti ikaonya kwamba huenda sehemu ya fedha hizo iliwafikia Taliban. Yaani mlipakodi wa Ohio huenda alimlipa mtu anayempiga risasi mwanawe. Mwaka uliofuata tume iliyoundwa na Bunge ilikadiria kwamba kati ya dola bilioni 31 na 60 za mikataba ya vita hivyo viwili ziliishia kwenye ubadhirifu na wizi.

Ukimpa mtu mmoja mikataba mingi aikague, naye haruhusiwi kutoka nje ya ukuta, unapata karatasi zilizojazwa vizuri, basi.

Wale Waromania wa Goma walikuwa wa nani? (Msomaji, Bukavu)

Waliajiriwa kulisaidia jeshi la Kongo. Mji ulipoanguka mwishoni mwa Januari 2025, zaidi ya 280 walivushwa Rwanda wakarudishwa kwao. Hati ya Montreux ya 2008, mwongozo wa kimataifa kuhusu kampuni za ulinzi vitani, inataja nchi tatu zenye wajibu: iliyoajiri, ambamo kazi inafanyika, na kampuni ilikotoka. Kwa Goma mbili za kwanza ni nchi moja, kwa hiyo wabunge wenu Kinshasa ndio wa kuulizwa kwanza.

Kaka yetu alifia Iraki akilinda kambi. Wakala wa Nairobi anasema mkataba ulikwisha na kifo chake. Sisi ndugu tudai wapi? (Dada mtu, Machakos)

Pole sana, dada. Wakala anakudanganya. Sheria ya Marekani ya 1941 inamtaka kila mkandarasi wa aina hii akate bima ya kifo na majeraha, na haibagui uraia wa mlinzi. Kampuni ndogo iliyomwajiri kaka yenu ikiwa haikukata, kubwa iliyoipa kazi inabeba mzigo.

Sasa lililo gumu. Kwa asiye raia wala mkazi wa Marekani, kaka na dada zake hawapati kitu. Wanaolipwa ni mjane na watoto. Wasipokuwapo, baba au mama ambaye marehemu alikuwa akimsaidia kwa mwaka mzima kabla ya kuumia. Kama mama yenu ndiye aliyebaki, leo hii chukueni taarifa za M-Pesa zinazoonyesha kila alichomtumia. Dai hupelekwa Wizara ya Kazi ya Marekani ndani ya mwaka mmoja. Lakini kama mwajiri alijua kifo na hakukiripoti, muda huo hauanzi kuhesabiwa, kwa hiyo msikate tamaa hata kama umepita. Na wakili akitaka umlipe kwanza, mkimbie: ada yake lazima iidhinishwe huko.

Wakala anataka shilingi laki moja anipeleke. Nilipe? (Kijana, Mombasa)

Usilipe. Amri ya Rais Obama ya Septemba 2012 inakataza mfanyakazi wa mikataba hiyo kutozwa ada ya kuajiriwa au kunyang'anywa pasi. Kisha soma mkataba wote. Mlinzi mmoja aliyerudi alinionyesha wake ndani ya mfuko wa nailoni: ukurasa wa kwanza na wa 14, wenye sahihi yake. Zile 12 za katikati hajawahi kuziona. Wewe ziombe kabla hujatia sahihi.