Magamba na Ukoko kwenye Kope: Namna Ninavyozitunza

Kwa miaka mingi nimeishi na kope zinazotoa magamba. Zinapochafuka huamka macho yamegandana, kingo za kope zimekuwa nyekundu na kuvimba kidogo, na kwenye mashina ya nywele za kope umeshikamana ukoko wa manjano usiotoka kwa kupangusa tu. Daktari wa macho aliyenipima alieleza kuwa huo ni uvimbe wa kingo za kope, uitwao blefaritisi, kwamba hauambukizi, na kwamba hakuna dawa ya kuumaliza kabisa ila hutulizwa kwa usafi wa kila siku. Maelezo hayo huwakatisha tamaa wengi, nao huendelea kutafuta dawa ya kuwaponya mara moja huku wakiuacha usafi wenyewe, ambao ndio tiba.

Inafaa kujua ukoko unatoka wapi. Nyuma ya mstari wa nywele, ndani ya kila kope, zimepangwa tezi ndogo, takriban 25 hadi 40 katika kope ya juu na 20 hadi 30 katika ya chini, ambazo hutoa mafuta ya kuyafunika machozi yasikauke upesi. Mafuta hayo yakiwa mazito, vitundu vya tezi huziba, bakteria wa kawaida wa ngozi huongezeka, machozi hukauka haraka, na jicho huanza kuwasha kana kwamba limeingiwa na mchanga. Kwa wengine chanzo ni mba: mtu mwenye mba kichwani, kwenye nyusi na pembeni mwa pua huweza kuwa nayo pia kwenye kope, nayo huonekana kama magamba laini yenye mafuta. Wapo pia wanaosumbuliwa na utitiri uitwao Demodex, wenye urefu wa milimita 0.3 hivi, ambao huishi kwenye vishimo vya nywele. Dalili yake ni ukoko unaozunguka shina la unywele kama mkufu, na tiba yake humhitaji daktari.

Mimi huanza kwa kukanda, na hatua hii siiruki hata ninapokuwa na haraka, kwa sababu ukoko mkavu ukibanduliwa kwa kucha huondoka na nywele na kuacha kidonda. Nanawa mikono, nachovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu ambayo nimeyapima kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, nakikamua, kisha nakiweka juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Kitambaa hupoa upesi kuliko tunavyodhani, kwa hiyo kila kinapopoa nakichovya tena. Kitambaa kilichopoa hakiyeyushi mafuta. Baada ya hapo nazikanda kope polepole kwa ncha ya kidole, ya juu nikishuka kuelekea kwenye nywele na ya chini nikipanda, ili mafuta yaliyolainika yatoke.

Ndipo nasafisha. Nalowesha pamba katika maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye matone machache ya shampuu ya watoto, kisha nafuta kwenye mashina ya nywele kutoka pembe moja ya jicho hadi nyingine, bila kugusa mboni, na kila jicho lina pamba yake. Ukiangalia kwenye kioo chenye mwanga mzuri utaona magamba yakiachia moja moja. Shampuu ikikukausha ngozi, vipo vitambaa vilivyotengenezwa maalumu kwa kazi hii, navyo ni vipole zaidi. Fanya hivyo mara mbili kwa siku dalili zinapokuwa kali, kisha mara moja kwa siku zikitulia. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na ukiacha, ukoko hurudi. Katika kipindi kikali ni vyema kuweka kando wanja, maskara na lenzi za macho.

Ikiwa magamba yako yapo kwenye ngozi ya kope yenyewe na si kwenye mstari wa nywele, huenda tatizo ni jingine. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini, hivyo hudhurika na vitu ambavyo mikono na uso huvistahimili: manukato, dawa ya nywele, hata rangi ya kucha, kwa kuwa vidole hugusa macho mara nyingi bila sisi kujua. Matone ya macho yenye vihifadhi nayo huweza kuleta ukurutu. Acha kimoja kimoja uone ngozi inavyoitikia.

Nawasihi sana msipake krimu za steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho, karibu na macho bila daktari kuwaandikia, hata kama zinatuliza muwasho kwa haraka. Zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kusababisha glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, au mtoto wa jicho. Maumivu makali, kuona ukungu usioondoka kwa kupepesa, au macho kuumizwa na mwanga ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Magamba yanayong'ang'ania kope ya jicho moja tu, hasa kukiwa na kinundu au nywele zinazopukutika mahali pamoja, yanahitaji kuchunguzwa na daktari wa macho, kwa kuwa saratani ya kope huweza kuanza kwa sura hiyo.