Kifungo cha koti kinataka shingo

Bukavu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini kifungo cha koti lako kimedondoka mara ya tatu, na kila mara umekishona kwa kukikaza kabisa. Ni huko kukaza, mwanangu, ndiko kunakokidondosha.

Shati ni jepesi, kifungo chake kinaweza kulala juu ya kitambaa. Koti ni zito. Ukilifunga, ule upande wenye tundu unataka mahali pa kukaa chini ya kifungo. Ukikosa nafasi, uzi unavutwa na kusuguliwa kila siku, na kitambaa kinavutwa nao. Koti la baba yako lilinifundisha hilo: uzi ulibaki mzima, kitambaa ndicho kilichochanika.

Basi kipe shingo, yaani uzi uliozungushwa kati ya kifungo na kitambaa, ili kifungo kisimame juu kidogo. Kata uzi wa kama sentimita 60 kwa mkasi, si kwa meno, maana ncha iliyotafunwa inakataa tundu la sindano. Upitishe kwenye mshumaa, uukunje mara mbili, upige fundo. Laza kijiti cha kiberiti juu ya kifungo, katikati ya matundu, ushone ukipita juu ya hicho kijiti. Kifungo chenye matundu manne kishone jozi moja mpaka iishe, ndipo uingie ya pili. Moja ikikatika, nyingine itakufikisha nyumbani. Chomoa kijiti, inua kifungo, toa sindano kati yake na kitambaa, uzungushe uzi pale mara sita. Sasa kaza. Kisha rudi ndani upige fundo.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni kitambaa chenyewe, kwa kuwa umeshakitoboa mara tatu mahali palepale. Tafuta kifungo kidogo bapa cha shati la zamani, ukiweke upande wa ndani, ushone vyote viwili kwa uzi huohuo. Mvuto utabebwa na hicho kidogo, kitambaa kipumzike. Ukikikosa, kipande cha kitenge kilichokunjwa kitafaa. Mimi nikienda soko la Kadutu kutafuta koti la mitumba, naligeuza ndani kwanza; nikikuta kifungo hicho kidogo, najua aliyelishona alikuwa fundi.

Usingoje. Juni asubuhi Lubumbashi kuna baridi, na kifua chako nakijua tangu utoto.

Ukimaliza nitumie picha, ya upande wa ndani.

Mama yako