Kabla ya kumtafuta babu, mtafute karani

Kila anayeshuka daladala Kariakoo ametaja jina la jeshi bila kujua. Vita vya kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Sisi tukakisikia kwa masikio yetu, tukakitamka Kariakoo, na jiji likakubali. Nairobi nako wana Kariokor yao. King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kwa kifupi K.A.R., tukaiita Keya, na mpaka leo mzee akikwambia "alikuwa Keya" hakuna anayemsahihisha.

Nimeanza na hilo kwa sababu nilipokuwa namtafuta kaka yake babu, aliyeingia Keya wakati wa vita vya pili asirudi, nilipoteza karibu miezi minane nikilalamika kwamba Wazungu waliharibu majina yetu. Kumbe walifanya tulichofanya sisi: waliandika walichosikia. Siku nilipolielewa hilo niliacha kwa muda kumtafuta babu, nikaanza kumtafuta karani. Nani alishika kalamu? Alikuwa na masikio ya wapi? Na baada yake, nani alinakili mwandiko wake?

Babu huyo nitamwita Masanja. Si jina lake. Shangazi ameomba jina halisi lisitoke kwanza, mpaka mambo ya nyumbani yakamilike. Baba yake nitamwita Ng'wandu. Tulichokuwa nacho ni hiki tu: alitoka upande wa Nzega, alichukuliwa na gari bomani, akapelekwa Bama, yaani Burma, Myanmar ya leo, na kulikuwa na fedha zilizokuwa zikifika bomani kwa ajili ya mama yake, kisha zikakoma. Hatukuwa na picha, wala barua, wala namba.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipoanzia. Niliingia kwenye hazina ya majina ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile inayojulikana kama CWGC, ambayo iko wazi kwa yeyote na haitozi hata shilingi. Nikaandika Masanja, nikaandika Ngwandu, nikajaribu mawili pamoja. Wakatoka watu, ila hakuna aliyekuwa wetu. Nikafunga kompyuta nikasema hawakumwandika.

Usiseme hivyo mapema. Kwanza angalia jina limepita mikono mingapi. Kijana anasimama mbele ya meza, anataja jina lake. Anayeandika anaweza kuwa karani wa pwani, au aliyesomea misheni ya kusini, ambaye hajawahi kutamka "ng'w" maishani mwake. Anaandika Mwandu. Au anaisikia vizuri lakini hana namna ya kuiandika, basi ni Ngwandu, bila kile kialama cha juu. Afisa Mwingereza akirudia kwa sauti, ng' inamponyoka: Gwandu. Baadaye mtu mwingine, mahali pengine, anachapa kwa mashine kutoka kwenye mwandiko ule wa mkono. Herufi u iliyoandikwa haraka ni n, a iliyoachwa wazi juu ni u, o iliyobanwa ni a. J yenye mkia mrefu inasomwa g au y. Masanja wako sasa ni Masanga, au Masanya, au Musanja. Hao wote ni mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika jina kama linavyotamkwa nyumbani, siyo kama lilivyo kwenye kitambulisho chako. Majina ya vitambulisho vyetu nayo yameshapita kwa makarani. Mlazimishe mtu mzima alitamke, ukiweza mrekodi kwa simu. Kisha liharibu kwa makusudi: toa konsonanti ya mwanzo, geuza l kuwa r na r kuwa l, rudufisha s, ongeza irabu mwishoni, ondoa h. Mimi nilipata namna ishirini na tatu za jina la mtu mmoja.

Ukoo nao una namna zake. Waingereza walipenda kuandika "bin" hata kwa mtu ambaye si Mwislamu, na kwingine waliweka s/o, yaani mtoto wa. Msukuma aliyesema "ng'wana Fulani" anaweza kujikuta Mwana ndilo jina lake. Askari wengi wana jina moja tu mahali pa jina la ukoo, na kilichobaki ni tupu. Wengine walibadilisha wenyewe. Aliyetoroka nyumbani, aliyekataliwa kituo kimoja akajaribu kingine, aliyepewa jina la Kiislamu kambini na akalipenda. Ukisikia nyumbani kwamba mzee alikuwa na "jina la jeshini", hilo ni la kuandikwa la kwanza.

Kama wako alikuwa askari wa Mjerumani, masikio ni mengine kabisa, lakini yana kanuni, na kwa maoni yangu ni rahisi kuliko ya Mwingereza. Mjerumani anaandika y yetu kwa j, ndiyo maana Bagamoyo ni Bagamojo kwenye ramani zao. J yetu ni dsch: Kilimandscharo. Sh ni sch, ch ni tsch. Z kwake inatamkwa ts, hivyo z yetu mara nyingi ameiandika s, na Mwanza ikawa Muansa. Jaribu: Juma atakuwa Dschuma, Shabani atakuwa Schabani, Yusufu ataanza na J. Tatizo la huko si tahajia bali moto. Nyaraka nyingi za jeshi zilizokuwa zimehifadhiwa Potsdam, Ujerumani, ziliungua katika mashambulizi ya ndege ya Aprili 1945. Zilizobaki hapa kwetu, kwenye Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ni zaidi mafaili ya utawala wa kiraia wa Kijerumani. Yana thamani, ila usitegemee orodha ya kikosi. Na kumbuka kwamba batalioni ya 6 ya Keya, ya Tanganyika, ilipoundwa mwishoni mwa vita vya kwanza iliwachukua pia waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia mbili za maadui wawili.

Kuhusu wapagazi wa 1914 hadi 1918 sitakudanganya. Mwaka 2021 CWGC yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Pita pale Posta, Dar es Salaam, uangalie sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Maneno yapo, kwa hati ya Kilatini na kwa hati ya Kiarabu. Jina la mtu hata moja halipo. Ukimtafuta mpagazi, itabidi utegemee zaidi simulizi za nyumbani, na usijilaumu.

Vita vya pili ni tofauti, na hapa ndipo nilipofanikiwa. Waliokufa wakiwa jeshini wana nafasi kubwa ya kuwa wameandikwa kwa jina, mara nyingi pamoja na jina la baba na kijiji au wilaya. Nikaacha kutafuta jina, nikatafuta mahali.

Familia inakumbuka mahali kuliko inavyokumbuka kikosi. Mzee akisema Uhabeshi, anazungumzia Ethiopia, 1941. Akisema Bukini, ni Madagaska, ambako brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Septemba 1942. Bama ni Burma, na kwa wengi ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya kule mwaka 1944, katikati ya malaria na matope, mpaka ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kufika mto Chindwin. Batalioni za Tanganyika katika divisheni hiyo zilikuwa ya 26 na ya 36. Tarakimu ya mwisho inakukumbusha Keya ya 6 iliyozizaa. Za 34 na 44 zilikuwa za Uganda. Kwa msaada huo mdogo unaweza kupunguza maelfu ya majina yakawa mamia. Ila chunga: nyumbani kila askari anaitwa Keya, hata kama alikuwa dereva, mpishi, mpiga mizinga au paioniya wa kuchimba barabara. Na waliokufa si wote walifika Bama. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo ukikosa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Rangoon, huko huko Burma, ambao una majina karibu 27,000, jaribu pia ule wa Nairobi, barabara ya Ngong.

Mimi nilichuja hivi: Keya, waliokufa kati ya Agosti 1944 na katikati ya 1945, makaburi na minara ya Myanmar na India. Tovuti ya CWGC inakuruhusu kupakua matokeo yote yakiwa jedwali. Nikapakua, nikaondoa waliotajwa kuwa wa Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), nikabakiwa na majina ambayo mtu anaweza kuyasoma kwa jioni chache. Macho yangu hayakuona kitu. Macho yangu yamesoma shule, yanatafuta tahajia.

Nikampigia shangazi. Alikuwa uani anapepeta karanga, nasikia ungo. "Shikamoo shangazi, nitakusomea majina, wewe sikiliza tu." Akasema soma, baba. Nikasoma kwa sauti, polepole, jina na la baba yake na mahali, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili nimeshafika mbali, koo limekauka, ungo ukanyamaza.

"Rudia huyo."

"Masanga, mtoto wa Gwanda."

"Wa wapi?"

Nikasoma jina la kijiji kama lilivyoandikwa, na kwa kweli nilikuwa nalisoma vibaya, kwa sababu liliandikwa vibaya. Shangazi akalisema tena lilivyo. Ni kitongoji ambacho leo hakipo. Watu wake walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Nisingekijua hata kama kingeandikwa sawasawa.

Sasa, tusikimbie. Jina linalofanana na kijiji kinachofanana si ushahidi, hasa kwetu ambako kila kijiji kina Masanja watatu. Nilimwuliza shangazi mambo ambayo sikumwambia kwamba yameandikwa. Je, alikuwa ameoa? Alikuwa ameoa, na jina la mke alilolitaja ndilo lililokuwa pale kwenye jedwali, likiwa na herufi moja zaidi. Nani alikuwa anakwenda bomani kuchukua fedha? Mama yake, akisindikizwa na babu yangu, na mara ya mwisho walirudi mikono mitupu, msimu wa kulima. Tarehe ya kifo iliyoandikwa ni Novemba 1944. Hapo nikaanza kuamini. Uliza kwanza, onyesha baadaye. Ukianza kwa kuonyesha, wazee kwa huruma yao watakubaliana na kila kitu.

Mambo mengine madogo madogo, kabla sijasahau. Unaponakili, nakili kosa kama lilivyo, na herufi zake zote. Mimi mwanzoni nilikuwa "nasahihisha" kwenye daftari langu, na nikipitia tena siwezi kujua niliona nini na nilidhani nini. Namba ya askari ikipatikana, ishike kuliko jina, maana karani alijua kunakili tarakimu kuliko ng'. Rafiki yangu wa Tanga alikuja na medali ya babu yake, nyota ya Burma, akitumaini jina liko nyuma. Kwa kawaida nyota zile za vita vya pili zilitolewa bila jina. Angekuwa na medali ya Waingereza ya vita vya kwanza, angepaswa kuangalia ukingoni, pale pembeni panapozunguka, kwa kioo cha kukuzia.

Ukipata nafasi ya kufika Nyaraka za Kitaifa za Uingereza, Kew, au kumlipa mtu akupigie picha, zipo shajara za vita za batalioni. Zitakuonyesha kikosi kilikuwa wapi siku ile, mvua, njia, mapigano. Maafisa wanatajwa kwa majina. Askari kwa kawaida wanahesabiwa: wawili wamekufa, watano wamejeruhiwa. Nilipata tarehe yangu. Ilikuwa na mmoja. Nimeichapa ile kurasa hata hivyo.

Kuhusu kusahihisha kumbukumbu: CWGC wanapokea maombi ya marekebisho, lakini wanataka hati, na sisi hatuna karatasi yoyote ya wakati ule. Nilimweleza shangazi kwamba kwa sasa mnarani atabaki Masanga. Akauliza kama majina yale wanayachonga au wanayapaka rangi. Nikamwambia wanachonga kwenye jiwe. Akanyamaza kidogo, halafu akanituma nimpelekee picha kubwa, isiyo ya simu, ionyeshe na majina ya wenzake wa juu na chini, ili ajue amelala na akina nani.